Kasi, Kichwa na Kiganja: Historia ya Usalama wa Gurudumu la Umeme

Gurudumu la umeme, kwa maana inayokusudiwa katika makala haya, ni chombo cha kusafiria chenye tairi moja tu, kisicho na kiti wala usukani, ambacho mwendeshaji hukipanda kwa kusimama juu ya vikanyagio viwili vinavyokunjuliwa kulia na kushoto, gurudumu lenyewe likiwa katikati ya miundi yake. Ndani ya ganda lake mna betri, mota iliyojengwa katika kitovu cha gurudumu, na bodi ya elektroniki yenye jairoskopu, yaani kihisi kinachotambua jinsi chombo kinavyoinama, pamoja na kipima mchapuko, kihisi kinachotambua jinsi mwendo unavyoongezeka au kupungua. Mwendeshaji akiinama mbele, mota huongeza mwendo ili gurudumu lirudi chini ya uzito wake, na akiegemea nyuma, mota hupunguza mwendo mpaka chombo kisimame. Ni kanuni ile ile inayomwezesha mtoto kusimamisha fimbo juu ya kiganja, kwa kukisogeza kiganja upande ule ambao fimbo inataka kuangukia.

Kutokana na kanuni hiyo, historia ya usalama wa chombo hiki haifanani na ya baiskeli wala ya pikipiki, ingawa imeazima mengi kutoka kwa zote mbili. Injini ya pikipiki ikizimika njiani, mwendeshaji hupoteza mwendo kidogo kidogo na kusogea pembeni. Mota ya gurudumu la umeme ikikosa nguvu hata kwa nusu sekunde, kilichokuwa kikimsimamisha mwendeshaji kimeondoka, naye huanguka mbele kwa kasi ile ile aliyokuwa nayo. Mota hiyo hiyo ndiyo inayosukuma, ndiyo inayofunga breki na ndiyo inayoshika mizani. Kwa hiyo swali la kasi salama, ambalo katika vyombo vingine huulizwa kwa kutazama breki na barabara, hapa limekuwa swali la akiba, yaani kiasi cha nguvu ambacho mota bado inacho wakati mwendeshaji anapoihitaji zaidi.

Kuanguka kichwa kikitangulia kulianza zamani kabla ya umeme. Baiskeli za gurudumu kubwa la mbele, zilizoenea Uingereza tangu James Starley alipotoa ile iliyoitwa Ariel mwaka 1870, zilimkalisha mwendeshaji karibu juu kabisa ya ekseli ya gurudumu hilo, hata jiwe dogo au breki ya ghafla ikatosha kumrusha juu ya usukani. Tiba ya ajali hizo haikuwa kofia. Mwaka 1885 John Kemp Starley, mtoto wa nduguye James, alitoa baiskeli ya Rover, yenye magurudumu mawili yanayokaribiana kwa ukubwa na mnyororo unaozungusha gurudumu la nyuma, na kwa kumshusha mwendeshaji na kumweka kati ya magurudumu hayo aliiondoa sehemu kubwa ya sababu ya kuanguka kwenyewe. Njia hiyo imefungwa kwa gurudumu la umeme, kwa kuwa kuinama mbele ndiko kunakoliendesha, na fundi atakayeiondoa hatari hiyo atakuwa amekiondoa chombo chenyewe. Kilichobaki ni kudhibiti kasi na kuuvika mwili.

Wazo la kuuvika mwili lilitoka katika mashindano ya pikipiki. Dakta Eric Gardner, aliyekuwa mganga katika uwanja wa mashindano wa Brooklands nchini Uingereza, alichoshwa na majeraha ya vichwa aliyokuwa akiyatibu, akaagiza itengenezwe kofia ya turubai iliyokazwa kwa shelaki, utomvu unaogeuka kuwa ganda gumu. Wasimamizi wa mashindano waliipinga mwanzoni, kisha wakaifanya ya lazima katika mashindano ya Kisiwa cha Man mwaka 1914, na mganga wa kisiwa hicho, aliyezoea kupokea wagonjwa kadhaa waliotikisika ubongo kila mwaka, alieleza baadaye kwamba mwaka ule hakupata hata mmoja. Hata hivyo kofia hiyo ilibaki vazi la washindani. Waliotumia pikipiki katika barabara za kawaida waliendelea kwenda vichwa wazi au na kofia za kitambaa kwa robo karne nyingine.

Tarehe 13 Mei 1935 T. E. Lawrence, mwandishi na askari aliyejulikana kwa vita vya Waarabu dhidi ya Waturuki, alikuwa akirudi nyumbani kwake Clouds Hill katika wilaya ya Dorset juu ya pikipiki ya Brough Superior, alipowakuta wavulana wawili wa baiskeli ambao bonde dogo la barabara lilikuwa limewaficha. Alikwepa, akarushwa, akaumia kichwa, na baada ya kuzirai kwa siku sita alifariki akiwa na umri wa miaka 46. Miongoni mwa madaktari waliomhudumia alikuwamo Hugh Cairns, mpasuaji wa ubongo mzaliwa wa Australia, ambaye kuanzia hapo aliufanya usalama wa waendesha pikipiki kuwa utafiti wake. Mwaka 1941, katika jarida la British Medical Journal, alionyesha kwamba katika miezi 21 ya mwanzo ya Vita vya Pili vya Dunia waendesha pikipiki na abiria wao 2,279 walikufa barabarani Uingereza, ikilinganishwa na 1,884 katika miezi 21 iliyotangulia vita, ongezeko ambalo giza la kuzimwa kwa taa wakati wa vita lilichangia. Alieleza pia kwamba aliweza kukusanya visa saba tu vya walioumia kichwa wakiwa wamevaa kofia ngumu, ambao wote walipona. Visa saba ni vichache mno kwa takwimu za leo. Vilitosha, hata hivyo, kulishawishi jeshi la Uingereza, ambalo mwezi Novemba mwaka ule ule liliwaamuru matarishi wake wa pikipiki wavae kofia, ilhali raia wa nchi hiyo walisubiri hadi mwaka 1973 ndipo sheria ikawalazimisha.

Kofia ya Gardner na zile za jeshi zilikuwa na ganda gumu nje na mikanda ndani. Hatua iliyofuata ilitoka Marekani, ambako C. F. Lombard wa Chuo Kikuu cha Southern California alipata hataza mwaka 1953 kwa kofia yenye tabaka la kati linalopondeka na kumeza nguvu ya pigo kabla haijafika kwenye fuvu. Povu gumu la polistirini, lililoingia katika kofia za baiskeli pamoja na Bell Biker ya mwaka 1975, hufanya kazi kwa kanuni hiyo. Hupondeka mara moja tu, na kofia iliyokwisha kupigwa hubakia sura bila kinga. Hii ndiyo kofia ambayo waendeshaji wa kwanza wa gurudumu la umeme waliivaa, wale waliovaa.

Chombo chenyewe kina babu wa karibu. Tarehe 3 Desemba 2001 Mmarekani Dean Kamen aliitangaza Segway, jukwaa la kusimamia lenye magurudumu mawili yaliyopangwa sambamba, ambalo lilijisimamisha kwa jairoskopu na kwenda kwa kasi isiyozidi kilomita 20 kwa saa. Kamen alielewa kwamba chombo kinachojisimamisha hakiruhusiwi kushindwa, hivyo aliweka betri mbili, na vihisi zaidi ya vile vilivyohitajika, ili kimoja kikifa kingine kishike. Aliweka pia kizuizi cha kasi cha namna ya pekee: kikomo kikikaribia, jukwaa liliinuka upande wa mbele na kumsukuma mwendeshaji nyuma, naye akapunguza mwendo apende asipende. Pamoja na uangalifu wote huo, mwaka 2003 Segway zipatazo 6,000 zilirudishwa kurekebishwa kwa sababu betri ikiwa karibu kwisha chombo kiliweza kukosa nguvu ya kumsimamisha aliyekipanda, na mwaka 2006 nyingine 23,500 zilirudishwa kwa kuwa baada ya kizuizi cha kasi kuinua jukwaa, mwendeshaji aliyeshuka na kupanda tena haraka aliweza kukuta magurudumu yakigeuka nyuma ghafla. Makosa yote mawili, lile la betri na lile la kuinuka kwa jukwaa, yalikuwa utangulizi wa mambo ambayo wenye gurudumu moja wangekutana nayo bila hata zile betri mbili.

Mhandisi Trevor Blackwell alijenga gurudumu moja lenye kiti linalojisimamisha mwaka 2004, lakini umbo lililoenea duniani ni la Shane Chen, mvumbuzi mzaliwa wa China aliyeishi katika jimbo la Washington nchini Marekani, aliyeomba hataza mwaka 2010 na kuanza kuuza Solowheel mwaka uliofuata. Chen aliondoa kiti na kumsimamisha mwendeshaji. Solowheel ilikwenda kilomita 16 hivi kwa saa, na kasi hiyo ilikuwa na maana kubwa kuliko inavyoonekana, kwa sababu mtu mzima mwenye afya huweza kukimbia kwa mwendo huo kwa hatua chache, hivyo chombo kilipomkatikia mara nyingi alitua kwa miguu, akakimbia, akasimama. Kinga ya wakati ule ilikuwa miguu yenyewe.

Miaka michache baadaye kitovu cha biashara kilihamia China, hasa katika viwanda vya jimbo la Guangdong, ambako kampuni za KingSong, Gotway na InMotion zilishindana kwa bei, kwa masafa na zaidi ya yote kwa kasi, huku Ninebot ya Beijing, iliyotoa gurudumu la kilomita 20 kwa saa, ikiinunua Segway yenyewe mwaka 2015. Betri zilipanda kutoka volti 67 hadi 84, kisha 100, na kilomita 50 kwa saa zikavukwa kabla ya mwaka 2020. Mwaka huo yalitokea magurudumu yenye springi, kama V11 ya InMotion na S18 ya KingSong, na katika miaka iliyofuata betri zilivuka volti 120 na kasi zilizotajwa na watengenezaji zikavuka kilomita 70 kwa saa. Kwa muda wa muongo mmoja tu, chombo kilichoanza kwa mwendo wa mkimbiaji kilifika mwendo wa pikipiki, kikiwa bado na tairi moja na vikanyagio viwili. Na kwa kuwa magurudumu mengi hayana akiba ya vifaa pacha kama Segway, bodi moja ikiungua hakuna nyingine ya kuchukua nafasi yake.

Hapa ndipo ile hoja ya akiba inapohitaji kufafanuliwa. Mota inapozunguka huzalisha volti inayopingana na ile ya betri, na kadiri mzunguko unavyoongezeka ndivyo upinzani huo unavyoikaribia nguvu ya betri; zinapolingana, hakuna umeme uliobaki wa kusukuma. Gurudumu lililoinuliwa hewani huzunguka hadi kwenye kikomo hicho, na wauzaji wengine waliitangaza namba hiyo kana kwamba ni kasi ya kuendea, ingawa mtu aliyefika hapo hana hata chembe ya nguvu ya kumrudisha wima akikanyaga shimo. Kikomo chenyewe pia hakitulii. Betri ya seli 20 zilizounganishwa mfululizo, ikiwa imejaa, huwa na volti 4.2 kwa kila seli, yaani 84 kwa jumla, na seli hizo zikishuka hadi volti 3.3 jumla huwa 66, kwa hiyo kasi ya juu kabisa imepungua kwa zaidi ya moja ya tano bila tairi wala mwendeshaji kubadilika. Mlima, upepo wa mbele, baridi inayolegeza betri na uzito wa mwendeshaji huipunguza zaidi. Kasi iliyokuwa salama asubuhi, betri ikiwa imetoka kwenye chaji, huweza kuwa kasi ya kuanguka jioni katika barabara ile ile.

Watengenezaji walijibu kwa kuirithi mbinu ya Kamen, yaani kuinua vikanyagio upande wa mbele kasi ikikaribia kikomo, wakaongeza mlio wa tahadhari. Mwanzoni mlio huo ulifungwa kwenye kasi maalumu. Baadaye baadhi yao waliufunga kwenye kiwango cha kazi ya mota, kwa mfano asilimia 80 ya uwezo wake, ili ulie mapema betri inapopungua. Badiliko hilo la programu, lisiloonekana kwa macho wala kutajwa sana katika matangazo, huenda limeokoa mifupa mingi kuliko vazi lolote, kwa sababu ndilo la kwanza lililopima akiba yenyewe badala ya kuikisia kwa kilomita.

Mavazi nayo yalikuja kwa awamu, yakifuata kasi. Awamu ya kwanza iliazimwa kwa watu wa viatu vya magurudumu na mbao za magurudumu, kwa kuwa namna ya kuanguka ilifanana: aliyesimama huanguka mbele, na mikono hutangulia kabla akili haijaamua lolote. Kiganja kikigonga lami mkono ukiwa umenyooka, kifundo hupindishwa nyuma na uzito wote wa mwili hupita katika mifupa midogo ya hapo na ncha ya mfupa wa kigasha. Kikinga cha mkono kina kipande cha plastiki kigumu kinachopita chini ya kiganja na mara nyingi kingine juu yake; kile cha chini huuruhusu mkono uteleze juu ya lami badala ya kung'ang'ana, na vyote viwili huzuia kifundo kisipinde kupita kiasi. Utafiti uliochapishwa katika New England Journal of Medicine mwaka 1996 kuhusu waliotibiwa hospitalini baada ya kuanguka kwa viatu vya magurudumu ulikadiria kwamba uwezekano wa kuumia kifundo kwa wasiovaa vikinga ulikuwa takribani mara kumi ya ule wa waliovaa. Vikinga vya magoti na viwiko viliingia kwa mlango huo huo.

Kuhusu kichwa, kuna jambo ambalo waendeshaji wengi walilielewa vibaya. Kofia ya baiskeli ya Ulaya, kwa kigezo cha EN 1078, hupimwa kwa kuangushwa juu ya chuma bapa kwa mwendo wa mita 5.42 kwa sekunde, karibu kilomita 20 kwa saa, na kofia ya pikipiki kwa kigezo cha zamani cha ECE 22.05 ilipimwa kwa mita 7.5 kwa sekunde, yaani kilomita 27. Namba hizi si vikomo vya kasi ya safari, kwa sababu hupima pigo la kwenda chini, na kichwa kinachoanguka kutoka urefu wa mita 1.8 hufika ardhini kwa kilomita 21 hivi kwa saa hata kama mtu alikuwa amesimama tuli. Aendaye kilomita 40 kwa saa na kuanguka juu ya barabara tupu hapigi lami kwa kilomita 40. Hupiga kwa mwendo wa kimo chake, kisha huburuzwa kwa mwendo wa safari. Ila akikuta mlingoti au gari mbele yake, kasi yote ya safari inahusika, na kasi ikizidishwa mara mbili nishati inayopaswa kumezwa huwa mara nne. Kofia ya baiskeli, kwa hiyo, iko ukingoni mwa uwezo wake hata kabla gurudumu halijaondoka, kwani vikanyagio humwinua mwendeshaji sentimita kadhaa zaidi.

Zaidi ya hapo, kofia ya baiskeli haifuniki kidevu. Takwimu za ajali za pikipiki zilizokusanywa Hannover, Ujerumani, na mtafiti Dietmar Otte zilionyesha kwamba takribani theluthi ya mapigo kwenye kofia yaliangukia upande wa kidevu, na kwa chombo kinachomwangusha mtu kifudifudi sehemu hiyo inatazamiwa kuwa hatarini zaidi. Kofia ya pikipiki inayofunika uso wote ilikuwapo tangu Bell ilipotoa Star mwaka 1968, lakini ni nzito na yenye joto kwa mtu asimamaye na kufanya kazi kwa miguu muda wote. Ndiyo sababu wengi wa waliokwenda kati ya kilomita 25 na 40 walichukua kofia za uso mzima za wateremka milima kwa baiskeli, na wengine, hasa Ulaya, zile zilizopimwa kwa kigezo cha Uholanzi cha NTA 8776 cha mwaka 2016, kilichotungwa kwa ajili ya baiskeli za umeme zinazofika kilomita 45 kwa saa na chenye pigo la mita 6.5 kwa sekunde. Kasi zilipovuka 50, mjadala huo uliisha: vazi likawa la pikipiki, kofia ya ECE, jaketi lisilochanika upesi kwenye lami, na vikinga vya mgongo na viungo vyenye alama ya kigezo cha EN 1621, mara nyingi vya povu lile linalokuwa laini likivaliwa na kukakamaa likipigwa ghafla, aina ambayo Mwingereza Richard Palmer aliianzisha mwishoni mwa miaka ya 1990.

Sheria zilifuata nyuma, kila nchi kwa njia yake. Ufaransa, kwa amri ya Oktoba 2019, iliyatambua magurudumu haya pamoja na skuta za umeme, ikayawekea kikomo cha kilomita 25 kwa saa na faini ya hadi euro 1,500 kwa anayeendesha barabarani chombo kilichotengenezwa kwenda zaidi ya hapo. Ujerumani, mwaka ule ule, iliruhusu vyombo vidogo vya umeme vya kilomita 20 kwa saa kwa sharti la kuwa na mpini wa kushika, sharti lililoliacha nje gurudumu moja kwa sentensi moja. Singapore iliruhusu kwanza, ikapunguza kasi kwenye njia za waenda kwa miguu hadi kilomita 10 kwa saa, kisha ikayafukuza kwenye njia hizo kabisa mwaka 2020. Uingereza ndiyo yenye kisa cha kustaajabisha zaidi, kwani anayepanda gurudumu la umeme kwenye njia ya waenda kwa miguu huvunja Sheria ya Barabara ya mwaka 1835, iliyotungwa miaka 35 kabla ya Ariel ya Starley.

Hakuna hata moja ya sheria hizo inayotaja akiba ya mota. Zile zinazoweka kikomo hupima kilomita kwa saa, kwa sababu askari wa barabarani anaweza kuzipima, na gurudumu lenye uwezo wa kilomita 70 linaloendeshwa kwa 25 lina akiba kubwa mno kuliko lile la kilomita 25 linaloendeshwa kwa 24, ingawa faini ya Ufaransa humwangukia mwenye lile la kwanza. Watengenezaji, kwa upande wao, wameweka katika programu za baadhi ya magurudumu kikomo kinachoshuka chenyewe kadiri betri inavyopungua, pamoja na vikanyagio vinavyoinuka kumlazimisha mwendeshaji kukitii. Kwenye baadhi ya magurudumu, kuinuka huko kwa vikanyagio kunaweza kuzimwa kwa kubonyeza mahali pamoja kwenye simu, na wapo wanaokuzima, wakieleza kwamba kikanyagio kinachoinuka ghafla chini ya mguu nacho kimewahi kuwaangusha.